Hodi Mara Saba

Usiku wa tatu sasa, Igogo, chumba cha mgongoni mwa jiwe,
simu tano mezani zimelala chali
kama sato wanaosubiri bei.
Kila moja na waya wake, na nyaya zote
zinaishia kwenye kompyuta moja
ambayo feni yake imeshachoka kulia.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuisimulia:
nikifundishe kidole kisichokuwapo
kibonyeze wakati mimi nimelala,
kifungue programu ya mizani ya dagaa,
kiandike ndoo tatu, kijumlishe, kitume,
kirudie, simu zote tano, mpaka alfajiri,
ili mama wa Mwaloni asipunjwe
kwa kosa ambalo ningeliona mimi kwanza.

Nyepesi kuisimulia.

Simu ya kwanza haikuonekana kabisa.
Nilizima, nikawasha, nikafuta, nikasimika upya,
nikamtukana aliyeandika maelekezo,
mtu asiyenijua wala simjui.
Saa sita usiku Masalu akaunyanyua waya,
akaugeuza kama anayechagua bamia:
"Huu wa buku mbili, wa pale Makoroboi?
Huu unapitisha chakula tu. Maneno haupitishi."
Saa nne zangu.
Waya wa buku mbili.

Ya pili na ya tatu zilitaka hodi.
Kwetu hodi ni tatu, usipoitikiwa unaenda zako.
Hizi zinataka saba,
palepale, juu ya namba ya toleo, bila kuchoka,
ya saba ndipo zinakupongeza: sasa wewe ni msanidi.
Na bado uko mlangoni.
Zinauliza kama kompyuta hii naiamini,
niiruhusu leo tu au siku zote.
Nikajibu siku zote,
haraka, kama mtu aliyeulizwa jambo jingine.

Ya nne ilikubali kila kitu, kisha ikasinzia.
Kioo kikawa cheusi katikati ya ndoo ya pili
na kidole changu kisichokuwapo
kikaendelea kubonyeza giza kwa bidii.
Masalu alicheka hadi akakohoa.
Wadudu wa ziwani walikuwa wameshaingia,
wamejaa mwangani, wanatembea juu ya vioo,
na kwa robo saa nzima niliwasingizia wao.

Imebaki ya tano.
Ya shangazi Milembe, ya kuazima,
kioo kimechanika pembeni, kava linanuka dagaa.
Nne zimetoa kijani. Hii nyekundu.
Kitufe hakikuonekana.
Kipo! Nakiona, kinene, cha bluu, chini kulia.
Nikakisubirisha kidole sekunde tano, kumi, thelathini.
Hakikuonekana.
Mara tisa niliusoma mstari uleule.
Masalu alilala na viatu.

Kumi na moja alfajiri shangazi akaja kudai simu yake,
kanga kiunoni, ndoo tupu mkononi, ana haraka,
mitumbwi ya dagaa ilikuwa inaingia.
"Unatafuta nini humo usiku kucha?"
Nikamtajia neno, kama nilivyoliandika, kwa Kiingereza.
"Hilo simu yangu haina.
Simu yangu inasema *Endelea*."

Nilikaa.
Nilikuwa nimekifundisha kidole Kiingereza
halafu nikakituma Mwaloni.

Sikumwambia kitu, nilimpikia chai, akaikataa.
Nikafuta lile neno, nikaandika la kwake,
herufi saba, nikazihesabu,
kisha nikasita: na simu ya Mjita mwenzake,
na ya yule Mkerewe aliyeibadilisha ikawa Kifaransa
hajui alibonyeza wapi?
Nikalifuta na hilo. Nikamwambia kidole
asilitafute neno, atafute kitu chenyewe,
jina ambalo kitufe kinalo tumboni
hata kama usoni kimevaa jingine.

Nikageuka nijaribu.
Shangazi alikwisha kuichomoa, anashuka mawe,
simu kifuani, ndoo kichwani.

Kwenye kompyuta:
vifaa vinne vimeunganishwa.